Usimwulize Jina

Likasi, Jumapili 20 Agosti 2023
Asubuhi: baridi kidogo, upepo wa vumbi kutoka upande wa Panda, jua limechelewa.

Kwako mdogo wangu Laure,

Nakusalimu, nakusalimu tena, na salamu ya tatu ni ya huyo uliyembeba. Ndiyo, nimesikia. Dodo alipokuwa akishusha mihogo ya kwenu kutoka gari lake sokoni Kikula, aliniambia hata kabla ya kuniamkia: "Mama Germaine, mudogo wako iko na mimba! Bwana yake Bertin anacheka peke yake mu njia kama mwendawazimu." Nilikaa juu ya gunia lake mpaka akaniomba niondoke apate kuuza.

Sisi huku tuko wazima. Shemeji yako Philippe bado anakwenda kiwandani kwa kinga yake ileile, baiskeli ya zamani. Sasa magoti yake yanalia kuliko mnyororo. Kaburi la Mama tulilifagia tarehe 6. Shangazi yetu, Tantine Christiane, tulimfanyia misa ya mwaka mmoja wa kifo chake tarehe 12. Watu walikuja wachache na wali ukabaki.

Labda Dodo amekueleza kazi ninayofanya. Ni mwaka wa tano sasa. Sista Albertine wa parokia alitufundisha wanawake tisa kukaa na mzazi wakati wa uchungu. Yeye anatuita doula, neno alilorudi nalo kutoka safari. Wanawake wa Kikula hawakulitaka; wananiita Mama Mugongo, kwa sababu mikono yangu inashinda hapo. Mimi si mkunga. Sipimi, sikati, sidungi sindano. Mkunga wa maternite, pale hospitalini, ana wazazi sita kwa mara moja, mimi nina mmoja. Ninakaa. Nafika uchungu ukiwa mdogo, naondoka mtoto akishashika ziwa. Begi langu lina vikwembe viwili, taulo, chupa ya chai na beseni dogo.

Sasa neno langu. Njoo uzalie kwangu. Mvua zikianza barabara yenu inakufa, wewe unajua kuliko mimi. Panda gari la Dodo kabla Novemba haijaisha, ukae hapa Krismasi, uzae Februari, nami nitakuwa nyuma ya mgongo wako. Ni miaka sita sijauona uso wako. Wakati mwingine namfuata mwanamke sokoni kwa sababu tu anatembea kama wewe, nikimfikia nanunua nyanya nisizozihitaji.

Mstari wa mwisho nauacha wazi. Nitaujaza kesho kabla ya kumpa Dodo barua, kama ninavyofanya kwenye daftari yangu ya kila siku.

Yaya wako, Germaine

Nililala saa tano na robo usiku.


Katolo, 17 Septemba 2023

Yaya,

Barua yako imefika ikinuka samaki mkavu, maana Dodo aliificha chini ya magunia kama mali ya magendo. Nimefurahi. Hujabadilika: hali ya hewa juu, saa ya kulala chini, kama muuguzi anayekabidhi zamu. Bertin ameuliza, "Huyu dada yako, akifa ataandika saa?" Nimemwambia atajitahidi.

Tuko wazima. Shuleni nina watoto hamsini na wanane katika mwaka wa tatu, na chaki ninazikata vipande vitatu. Bertin amelima mahindi mpaka nyuma ya choo. Mama yake, Mama Marceline, anakaa nasi. Anasonga bukari la mahindi, gumu la kujengea ukuta, lakini ananipenda, na hanipi nafasi ya kubeba hata kikombe. Simu usijaribu. Antena iko kilimani, saa mbili kwa miguu, na ukifika unasikia "alo, alo" yako mwenyewe ikikurudia.

Natamani vitu vya Likasi mpaka naona aibu. Mkate wa moto wa pale kona kwetu. King'ora cha zamu ya asubuhi. Natamani hata kugombana nawe juu ya nani amemaliza sabuni. Jioni watoto wakishaenda nakaa darasani peke yangu, nasema kwa sauti majina ya majirani zetu wote, nyumba kwa nyumba, upande wa kulia halafu wa kushoto, nione kama nimesahau mmoja.

Unasema nizalie kwako. Chumba kipi, Yaya? Kile cha nyuma? Bado unatundika kalenda ukutani, mbele ya kitanda?

Laure


Likasi, Jumapili 8 Oktoba 2023
Asubuhi: joto, mawingu yamejikusanya juu ya Shituru halafu yametawanyika bila kutoa tone.

Mdogo wangu Laure,

Salamu zako nimezigawa zote. Philippe amecheka habari ya bukari. Mkate wa kona upo, ila umekuwa mdogo. King'ora kipo. Katika nyumba za upande wa kulia umkumbuke pia mama wa maandazi, amehamia hapo baada yako.

Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa. Nimegeuza kitanda, kichwa kiko dirishani.

Nikueleze kazi yangu, ujue unakuja mikononi mwa nani. Jumanne nilikaa na Julie, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Mume wake, Rémy, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mlangoni na buti zake zenye matope ya kijani. Nikamwambia aingie.

"Mama, minye nilikuya kumuona tu."

"Umeshamuona. Sasa nawa mikono. Weka kiganja hapa chini ya mugongo. Sukuma."

"Nitamuumiza."

Julie mwenyewe akageuza shingo: "Rémy, weye unabeba masanduku ya kilo mia, leo unaogopa mugongo yangu? Sukuma!"

Alisukuma saa tatu nzima. Mikono ilimchoka hata asiweze kushika kikombe cha chai, nikamnywesha mimi. Mtoto wa kike alipolia, yeye alilia zaidi, wauguzi wakaja kuona kuna nini.

Lakini kabla ya hapo kulitokea jambo. Bibi wa Julie alikuwapo, mama mzee wa heshima. Uchungu uliposimama kidogo alianza yale ya zamani, unayajua: mtoto akichelewa kutoka, ni kwamba mama yake amelala na mwanaume mwingine akamficha, alitaje jina, mume asikie, asamehe, njia ifunguke. Akamwinamia: "Sema, mwana. Ni nani?" Nilimshika mkono nikamtoa nje. Nilimpa kiti, nikampa chai yangu, lakini nilimtoa. Nina sharti moja tu katika kazi hii: mzazi haulizwi kitu, ila kama anataka maji.

Njoo. Dodo amesema atakuwekea godoro nyuma ya kiti chake. Nimekwisha kuosha vikwembe vyote vya Mama.

Germaine

Nililala saa sita na dakika ishirini usiku.


Katolo, 12 Novemba 2023

Yaya,

Tuko wazima. Mahindi yameota. Mtoto anapiga teke kila nikiandika ubaoni, labda hapendi hesabu.

Umeniandikia kurasa nne juu ya Julie na mimi nimezisoma mara nyingi. Yule bibi ulimtoa nje. Vizuri sana. Nafurahi kwa ajili ya Julie. Mwaka 2017, katika chumba cha nyuma, mimi sikuwa na Mama Mugongo. Nilikuwa na wewe.

Nakumbuka mikono yako. Ulinishika vifundo vyote viwili vya mikono, nami nilifikiri unanishika nisianguke. Tantine ndiye aliyekuwa akiuliza. "Sema jina, mwana. Mutoto hatatoka kama hausemi." Niliomba maji, hakuna aliyesikia. Mwishoni nilisema jina, mkaniachia.

Sikuulizi hayo, niliyaona kwa macho yangu. Nakuuliza jambo moja ambalo sikuliona. Nani alimpelekea Alexis, aliyekuwa mume wangu, lile jina? Miaka yote nimedhani ni Tantine, na nilipopata habari ya kifo chake sikulia, Mungu anisamehe. Lakini juzi, nikisahihisha madaftari, nimekumbuka kwamba Tantine hakutoka chumbani. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake muda wote.

Nijibu kwa maandishi. Ukinijibu, nitapanda gari la Dodo. Usiponijibu, nitazalia hapa.

Laure


Likasi, Jumapili 26 Novemba 2023
Asubuhi: mvua kubwa ya kwanza, imeanza saa kumi na moja alfajiri, mifereji imejaa.

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, Bertin na Mama Marceline. Tuko wazima, ila Philippe ana mafua.

Dodo anapakia leo aondoke kesho alfajiri, kwa hiyo naandika haraka. Ukisafiri, vaa viatu vilivyofungwa kwa sababu miguu itavimba. Kunywa maji hata kama unaogopa kushuka njiani. Dodo nimemwonya asimame kila ukiomba. Kaa upande wa dirisha. Usile samaki wa njiani. Karatasi zako za kliniki uziweke ndani ya plastiki, kifuani, si katika sanduku.

Swali lako nimelisoma. Ni maneno ya kukaa na kuongea uso kwa uso. Tutaongea ukifika.

Kitanda kimetandikwa.

Germaine

Nililala saa tisa usiku.


Likasi, Jumapili 17 Desemba 2023
Asubuhi: mvua ya siku ya nne, nyembamba, haina ngurumo.

Laure,

Dodo amerudi bila wewe. Nilizunguka mpaka mlango wa pili wa gari lake nikidhani umelala nyuma ya kiti. Aliniambia: "Alisoma yote mbele yangu, Mama. Halafu akageuza karatasi nyuma, aone kama kuna ingine. Akasema, Dodo, nenda tu."

Sasa daraja la magogo limechukuliwa na maji. Hii barua itafika kwa gari mpaka pale panapofika gari, halafu kwa watu wa kinga, kisha kwa mguu. Inaweza isikukute kwa wakati. Naandika hata hivyo.

Nimechukua daftari ya 2017. Nakunakilia kama ilivyo, kwa sababu nikisimulia nitajipendelea.

"Ijumaa 9 Juni. Baridi kali, ukungu. Uchungu wa Laure umeanza saa kumi na moja jioni. Nimelala saa saba usiku.

Jumamosi 10 Juni. Baridi. Mtoto hajashuka. Tantine anasema kuna jina. Saa saba mchana nimemshika Laure mikono, Tantine anauliza. Saa nane na dakika kumi ametaja: Déogratias. Nimekwenda Shituru kumwambia Alexis. Nimelala kidogo saa kumi usiku.

Jumapili 11 Juni. Maternite saa moja asubuhi. Mvulana. Hakulia."

Hapo ukurasa unakwisha. Saa ya kulala haipo, na katika daftari zangu zote kumi na tisa ni siku hiyo peke yake isiyo nayo.

"Nimekwenda Shituru kumwambia Alexis." Umeona. Ni mimi. Nilikwenda kwa miguu na nilikwenda mbio, nikiamini nakuokoa. Nilimkuta kwenye geti la kiwanda akitoka zamu. Nilipomwambia alitazama chini, akatema mate pembeni, akasema, "Nimesamehe. Mwambie azae." Nikarudi na maneno yake kama mtu aliyebeba dawa asiimwage. Baada ya wiki sita akakuletea sanduku lako mlangoni, na wewe hukuuliza kitu, na mimi nikamwacha Tantine alaumiwe.

Jirani yetu alikuwa na taksi. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ukuta wetu tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Tulitafuta jina siku nzima. Hakuna aliyetafuta ufunguo.

La pili ni hili. Januari 2018 nilishusha kalenda ya chumba cha nyuma nitundike mpya. Ilikuwa ile ya duka la magodoro. Chini ya picha, kwa herufi nyekundu, imeandikwa: Maison Déogratias. Nilikaa kitandani, kichwa changu mahali pa kichwa chako, nikatazama mbele. Nilielewa papo hapo. Hapakuwa na mwanaume. Ulisoma kilichokuwa mbele ya macho yako ili tukuachie. Na watu walikuwa wamekwisha kumtafuta Déogratias wao, wakampata yule wa kwaya, maskini, akahama parokia bila kujua kosa lake.

Nimelijua hilo miaka sita. Sikwenda kwa Alexis kumrudisha kwenye ukweli. Sikukuandikia. Kwanza niliona haya. Halafu nikasema Tantine yuko hai, nitamvunjia heshima. Alipofariki nikasema basi, yamekwisha. Nilikwenda kwa Sista Albertine kujifunza kukaa, nikakaa na wazazi mia moja na kumi na mbili, na kila mmoja nilimshika mgongo, kwa sababu siwezi tena kumshika mtu mikono.

Sikuombi uje. Umenijua, na njia imefungwa. Ukurasa unaofuata ni wa Bertin. Mpe.

Nililala, lakini sikuangalia saa.


Kwa shemeji yangu Bertin,

Hii uisome kwa sauti siku uchungu wa Laure utakapoanza, asikie kila aliye chumbani, mkubwa na mdogo.

Asiulizwe jina. Asiulizwe chochote ila kama anataka maji, na akisema ndiyo apewe mara moja. Mwache atembee, akitaka kupiga magoti apige. Uchungu ukija, weka kiganja chini kabisa ya mgongo wake, pale mfupa unapopanuka, usukume kama unavyosukuma mlango uliovimba kwa mvua. Usiseme "vumilia". Pumua naye, polepole, akusikie. Ukipoa, kamua kikwembe katika maji ya moto, weka palepale.

Kituo cha afya ni bora mwende tangu mwanzo. Kama mvua itawazuia, basi sikiliza: ukiona damu nyingi, au maji yenye rangi ya kijani, au uchungu umeanza alfajiri na jua limefika utosini bila mtoto kushuka, msitafute maneno. Tafuteni pikipiki. Mzee atakayekasirika mwambie ni mimi niliyeamuru. Nitakuja mwenyewe kumwomba radhi.

Germaine


Katolo, 3 Machi 2024

Yaya,

Barua yako ilifika tarehe 29 Januari, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari, na aliyeileta alikuwa na matope mpaka mapajani. Ukurasa wa Bertin nilimpa. Kurasa zako nilizisoma darasani, mlango nimeufunga. Halafu kwa siku tisa sikuongea na mtu ila watoto wa shule. Mama Marceline alifikiri nimelogwa.

Ijumaa tarehe 9 Februari, alfajiri, uchungu ulianza. Mvua ilikuwa inapiga kama mawe, hatukuweza kutoka. Nilitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani. Mvua ilipoanza kupungua, mtoto alikuwa hajasogea. Mama Marceline aliketi mbele yangu. Nilimwona anafunga kitambaa chake kichwani upya, nikajua. Sauti yake ilikuwa laini kabisa, Yaya, hata Tantine hakuwa na sauti laini hivyo.

"Laure, mwanangu. Uko na jina gani ndani ya moyo?"

Nilisikia baridi ya Juni ndani ya mifupa. Nilitazama ukutani. Hatuna kalenda. Kuna udongo tu.

Bertin akainuka. Alitoa karatasi yako katika mfuko wa shati. Alikuwa akitembea nayo tangu Januari, imechakaa kwenye mikunjo. Akaanza kusoma kwa sauti ile anayoitumia kanisani akisoma somo la kwanza. Asiulizwe jina. Asiulizwe chochote ila kama anataka maji.

Mama Marceline akamkatiza: "Nani huyo?"

"Ni yaya ya Laure, Mama."

"Ule wa Likasi? Atatuamuru kutoka kule yote?"

"Njo anatuamuru, Mama. Sikiliza."

Akasoma mpaka chini. Aliposoma "nitakuja mwenyewe kumwomba radhi", mama yake akatazama mikono yake. Halafu akaniuliza, "Unataka mayi?" Nikasema ndiyo. Nilikunywa vikombe viwili. Akapita nyuma yangu, akapiga magoti, na magoti yake unajua ni ya miaka sitini na nane, akasema: "Bertin, soma tena pale pa mugongo."

Alisukuma, Yaya. Ana mikono ya bukari gumu. Nilifumba macho, na kwa dakika nyingi sikujua ni mikono ya nani.

Saa sita mchana Bertin alitoka nje kutazama jua. Halikuonekana kwa mawingu, akaangalia saa yake, akaja akasema, "Limefika utosini. Tunaenda." Mama yake aliinuka. Alinifunga kikwembe kifuani, akaniweka kati yake na mwenye pikipiki, aliyekuwa ameitwa mvua ilipopungua, na yeye akakaa nyuma kabisa, kiganja chake mgongoni mwangu njia yote, kilomita saba za matope. Bertin alikimbia kwa mguu. Alianguka mara mbili, anasema moja.

Pale kituoni muuguzi Noëlla alimkuta mtoto amezungukwa na kitovu shingoni, mara mbili. Alizaliwa saa kumi kasoro tano alasiri. Msichana. Alikuwa wa bluu, Noëlla akamsugua, akampulizia, mimi nikihesabu. Nilifika kumi na moja. Akalia. Noëlla alisema kama tungengoja mpaka jioni nyumbani, asingetuahidi kitu.

Kwa hiyo hukuwapo, na ulikuwapo. Sijui niliweke vipi.

Sasa mambo yako. Kuhusu kalenda ni kweli. Nilitaka kusema "godoro", kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitazama, lakini nikaona godoro si jina la mtu. Umecheka? Mimi nilicheka, darasani, siku ya kumi, mpaka nikashika tumbo. Hakuna aliyewahi kujua hilo ila mimi, nikafikiri nitakufa nalo. Kumbe ulikuwa nalo pia. Miaka sita tumelala na kalenda moja, wewe kule, mimi huku.

Sijui kama nimekusamehe. Alexis alisamehe kwa neno moja, ukaona lilikuwa na uzito gani. Mimi sitafanya haraka. Lakini nimechoka kuhesabu nyumba za majirani peke yangu darasani.

Mtoto hana jina. Karani wa kijiji amekuja mara mbili na kitabu chake. Katekista amekasirika. Mama Marceline anamwita Barua, na watoto wa shule wamelichukua, wanaimba Barua, Barua, mpaka naogopa litamganda. Jina ninalo. Sijamwambia hata Bertin. Nimewaambia wote kwamba kuna mtu mmoja tu atakayeniuliza.

Barabara ikikauka, njoo. Uje ukae mbele yangu, uniulize. Nitalitaja kwa kupenda.

Mdogo wako,
Laure


Kutoka daftari ya Germaine

Katolo, Jumapili 5 Mei 2024
Asubuhi: ukungu mwepesi, halafu mbingu safi, umande mwingi juu ya majani.

Barua ya Laure ilinifikia tarehe 20 Aprili. Daraja jipya limewekwa tarehe 29. Nimetoka Likasi Ijumaa na gari la Dodo, godoro lile la nyuma ya kiti nimelilalia mimi. Nimefika jana saa kumi jioni. Katika begi: vikwembe viwili vya Mama, taulo, chupa ya chai, beseni, na mkate wa kona uliokauka njiani ukawa kama tofali.

Mama Marceline alinipokea mlangoni. Kabla sijaweka begi chini nilipiga magoti nikamwomba radhi kama nilivyoahidi. Akasema, "Inuka, weye. Minye njo niko na magoti mabovu, halafu weye njo unapiga magoti?" Bertin alichukua mkate, akaugonga juu ya meza, akauliza kama ni wa kula au wa kujengea.

Laure amekonda usoni. Ana mvi mbili, upande wa kushoto. Hatukukumbatiana jana. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chakula, akanitazama nikila.

Leo baada ya misa tulibaki wawili ndani, na mtoto. Laure aliketi kitandani. Alinisogezea kiti mbele yake, karibu, magoti yakagusana. Alimweka mtoto mapajani pangu, halafu akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu, akangoja. Nilielewa anachotaka. Nilimshika vifundo. Nilivishika kidogo tu, kama mtu anayeshika kikombe cha moto.

Kwanza nilimwuliza kama anataka maji. Alisema hapana, akatabasamu, machozi yakashuka.

Halafu nilimwuliza jina.

Alilisema sikioni mwangu. Siliandiki humu, ni lake kulitaja, kesho, mbele ya karani.

Mtoto ana uzito wa kutosha. Analala kifuani mwangu nikiandika hivi, na Laure yuko upande wa pili wa ukuta wa udongo, namsikia anasema kwa sauti ndogo majina ya majirani, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Alisahau mama wa maandazi. Nimemkumbusha.

Nimelala saa mbili na nusu usiku.